Nimemwambia Mwenye Duka la Vitu vya Kale Kuwa Mama Hajambo

Mshauri wangu mpendwa, sijawahi kuandika gazetini hata tangazo la kupotelewa na kitambulisho, lakini leo nimebanwa na naomba unisaidie kabla ya mwisho wa mwezi, maana mwisho wa mwezi baba yangu anasafiri na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuipanga safari yenyewe.

Mimi ni mwanamke mtu mzima, nina mume na watoto, na kazi yangu ni kupiga picha za eksirei hospitalini, siku nzima nawaambia watu vuta pumzi, izuie, haya achia, na mfupa uliovunjika nauona kabla mwenyewe hajaambiwa. Nakutajia haya ili usidhani unaandikiwa na mtu wa kulialia.

Wazazi wangu walikuwa na safari moja kila mwaka, si ya mbali, siku chache tu za kuzunguka miji ya jirani wakiingia duka hili na lile la vitu vya kale, na aliyekuwa akiipanga ni mama. Duka la kwanza liko ndani ya gereji ya zamani na bado lina lile shimo la fundi katikati ya sakafu, wamelifunika kwa mbao na kupanga vitanda juu yake; la pili ni la dada wawili mapacha ambao hawafungui mlango wa mbele, lazima uzunguke uani ugonge dirisha la jikoni; na la tatu, ambalo mama alilipenda kuliko yote, liko kwenye ukumbi wa sinema uliofungwa zamani, viti vimeng'olewa lakini sakafu bado imeinama vile vile, kwa hiyo kila kabati limewekewa vipande vya matofali upande mmoja lisije likaanguka. Mama alikuwa na sheria yake, siku ya kufika hanunui. Anafungua droo, ananusa ndani, anapitisha kidole nyuma ya kabati kutafuta unga wa wadudu, kisha anamwambia mwenye duka nitarudi kesho, wanakwenda kulala nyumba ya wageni, na asubuhi kama bado anakikumbuka kitu hicho ndipo anarudi kukichukua. Ndiyo maana mwenye duka la sinema alimpa jina la Mama Kesho. Kazi ya baba ilikuwa kuendesha gari, kubeba, na kusema "kizuri" akiulizwa. Baba ni mpima ardhi mstaafu, ujanani alipima milima mizima, lakini kupiga simu kuulizia chumba cha kulala hawezi, au hataki, sijui.

Mama amefariki, mwaka wa pili huu. Aliugua muda mfupi. Mwaka jana hakuna aliyeitaja safari.

Mwaka huu baba amepata mchumba. Ni mkunga mstaafu, walikutana kliniki ya macho, wote wawili wametiwa dawa ya kupanua mboni, hawaoni hata mlango uko wapi, wakaanza kuzungumza ili muda uende, na baba anasema alipokuja kumwona vizuri tayari alikuwa ameshampenda. Mdogo wangu wa kiume, fundi wa majokofu ambaye nyumbani tunamwita Bosi kwa kupenda kuamuru, alipoambiwa habari hiyo alitoka nje, akawasha gari, akakaa ndani yake bila kwenda popote. Mimi nilisema hongera, na nilisema kwa moyo safi, mshauri, au nilidhani moyo wangu ni safi.

Sasa Jumapili moja baba na mchumba wake wakaja kwangu, wakanywa chai, na baba akasema, "Mwanangu, nataka ile safari."

"Safari gani, baba?"

"Ile ya mama yako. Ya maduka. Nataka nimpeleke mwenzangu, tutafute vitu vya nyumba. Wewe ndiye unayejua kupanga kama yeye. Nipigie zile simu, uulize kama bado wapo, na chumba kwenye ile nyumba ya wageni."

"Ile ile?"

"Ile ile. Na ile meza ya kioo ya mama yako," akasema akiangalia soksi zake, "nafikiri twende nayo, yule bwana wa sinema atupe kitu kingine badala yake. Pale chumbani haikai vizuri tena."

Meza yenyewe ina kioo cha mviringo chenye doa la kutu pembeni, na mbele ya kioo hicho ndipo nilipojifunza kusuka nywele, nimesimama nyuma ya mama naye akinielekeza kwa kunitazama kiooni. Mkunga naye akaona nimenyamaza, akaniambia, "Usijisumbue kwa ajili yangu, mwanangu, mimi hata hayo mambo ya vitu vya zamani siyajui." Lile neno mwanangu halikunipendeza. Nikasema hakuna shida, nitapiga.

Nikapiga kesho yake kazini wakati wa mapumziko. Gereji alipokea mtu mpya asiyemjua yeyote. Mapacha hawakupokea. Sinema akapokea mwenyewe, na nilipojitambulisha kuwa mimi ni binti wa Mama Kesho, akapiga kelele ya furaha hadi nikaisogeza simu mbali na sikio.

"Mama Kesho hajambo?"

"Hajambo," nikasema.

Ndivyo lilivyotoka, mshauri. Sikupanga. Na yeye hakunipa nafasi, akaendelea, "Mwaka jana hamkuja, nikasema labda wanawe wamemzuia, vijana wa siku hizi hawataki vumbi. Mwambie kile kisagio cha kahawa alichokuwa akikiulizia nimekipata, kile cha mbao cha kuzungusha kwa mkono, chenye kidroo chini. Nimekificha. Watu wamekitaka nikawaambia kina mwenyewe."

"Nitamwambia."

"Mwambie na kidroo kinafunguka vizuri, asije akaanza kunibishia."

Mama hakuwa akinywa kahawa, ilimfanya moyo uende mbio, lakini visagio alivipenda tu, alisema ni kitu kilichofikiriwa vizuri. Nikakata simu nikarudi kwenye chumba cha eksirei, nikampiga mgonjwa wa kwanza picha ya kifua na ikabidi nirudie, kwa sababu sikumwambia avue mkufu.

Nilipomweleza Bosi, nilitegemea atanigombeza. Alifurahi. "Safi sana! Acha hivyo hivyo, usiguse kitu. Mzee aingie pale na mwanamke wake, mwenye duka atoke na kisagio chake, aulize mbele ya watu Mama Kesho yuko wapi. Amjibu mwenyewe."

"Na yule mama wa watu?"

"Naye ajue anaingia nyumba ya nani."

Nikamwambia hayo ni maneno ya hasira, lakini tangu siku hiyo nimejikuta nikiifikiria Ijumaa watakayofika pale, najiona niko nyumbani nasubiri simu ilie, na ninapojichunguza sioni huruma ninayotakiwa kuwa nayo. Hilo ndilo linanitisha kuliko uwongo wenyewe. Nikimpigia tena mwenye duka nitamwambiaje kuwa niliitikia salamu za marehemu? Nikimwambia baba ataniuliza kwa nini, na sina jibu. Naweza pia kusema duka limefungwa na mambo yakaisha, lakini kuna barabara moja tu na wanapita mbele yake. Juu ya hayo baba anataka niende nao, niwasaidie kuchagua. Na meza siwezi kuiomba, asije mkunga akadhani ninagombea vitu. Nifanye nini?

Ni mimi, Mpiga Eksirei

*

Mpiga Eksirei,

Pole sana. Naanza na hiyo kwa sababu naona hujapewa ya kutosha, na pengine hujaipokea. Umeandika kifo cha mama yako kwa mstari mmoja na nusu, lakini shimo la gereji umelipa nafasi yake yote. Sikulaumu, kuna watu huomboleza hivyo, kwa kueleza mambo ya pembeni kwa uangalifu mkubwa. Ila usiniambie moyo ulikuwa safi. Ulikuwa umefungwa tu.

Sasa nikugombeze kidogo. Lile "hajambo" lilikuponyoka, na hakuna mtu mwenye akili atakayekulaumu kwa hilo. Umeulizwa ghafla swali uliloulizwa maisha yako yote, ukatoa jibu ulilozoea. Lakini tangu siku ile umekwenda kazini, umerudi, umepika, umelala, umemsimulia mdogo wako, umeniandikia mimi barua ndefu kama hii, na simu unayo mfukoni. Kosa la ulimi lilikwisha siku ile ile. Hiki unachokilinda sasa hivi ni mtego, na unajua hivyo, ndiyo maana unatishika.

Tena mtego wako hauchagui. Unadhani atanaswa baba yako. Fikiria yule mwenye duka, mtu aliyekataa wateja kwa ajili ya mama yako, apewe habari ya kifo huku ameshika kisagio mkononi, mbele ya mwanamke asiyemjua. Fikiria na huyo mkunga, asiyejua kuwa huko kuna mtu anayemsubiri marehemu, atakaposimama katikati ya makabati asijue auweke wapi uso wake. Hao wamekukosea nini? Mmoja amekutunzia kitu. Mwingine amekuita mwanangu, na ninakuhakikishia mkunga huwaita hivyo hata wanawake waliomzidi umri. Si cheo anachokinyakua. Ni lugha ya kazi.

Mdogo wako ana hasira na ana haki nayo. Lakini mtu aliyewasha gari akakaa bila kwenda popote, huyo si wa kukuelekeza njia. Mpende, mpikie, usimtii.

Baba yako naye simwachi. Mwanamume aliyepima milima anaweza kubonyeza namba za simu. Na kumchukua mchumba wako ukampitisha duka kwa duka alimopita marehemu, ukamlaza nyumba ile ile ya wageni, ni kukosa kufikiri. Sisemi ni ubaya. Nahisi hajui safari nyingine, na hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo sikiliza. Leo, kabla hujaivisha chakula cha jioni, mpigie mwenye duka. Usimtumie ujumbe, piga. Sema mama amefariki, sema niliogopa kukuambia, kisha nyamaza umwache aseme anachotaka kusema. Kama ataghadhibika, mvumilie. Mwambie kisagio akiweke au akiuze, lakini asiendelee kumwekea mtu ambaye hatakuja.

Halafu nenda kwa baba yako peke yako, mkunga asiwepo, na umwambie ulichofanya kama ulivyoniambia mimi, bila kumtaja Bosi. Hapo hapo sema neno moja kuhusu meza: naitaka. Usianze kueleza ni kwa ajili ya nywele wala kioo wala kumbukumbu. Mtoto kuomba kitu cha mama yake si kugombea vitu, na kama mkunga ni mwanamke ninayemdhania, kuna siku atakushukuru kwa kuiondoa chumbani kwake.

Safari mrudishie mwenyewe. Mwambie huwezi kuipanga, na usiende nao. Mpe simu mkononi, akae, apige, aseme yeye ni nani na anakuja na nani. Kama hawezi kulisema hilo kwa karani wa nyumba ya wageni, bado hajawa tayari kuoa mbele ya wanawe.

Usiniandikie kuniuliza kama kuna njia rahisi zaidi. Niandikie ukishafanya.

Mshauri wako

*

(Kabla ya mwezi kwisha dada huyu alituletea barua ya pili. Tunaiweka hapa kwa ruhusa yake.)

Mshauri, nimefanya, ingawa chakula kiliiva kwanza.

Mwenye duka nilimwambia kama ulivyosema. Nikasikia anaburuta kiti. Kisha akauliza lini, nikamwambia, akasema, "Na juzi uliniambia hajambo."

"Niliogopa."

"Nilishangaa. Mama Kesho hakuwa mtu wa kutumiwa salamu, angekupokonya simu azungumze mwenyewe." Akapenga kamasi. Hakunigombeza. Aliuliza alizikwa wapi na ni nani anakaa na mzee.

Baba nilimkuta uani anarekebisha bomba. Nilimweleza nikiwa nimesimama, naye aliendelea kukaza nati ambayo ilishakazwa. Nilipomaliza akauliza, "Unadhani kwa nini nilikupa wewe zile simu?"

"Kwa sababu hupendi kupiga simu."

"Nilipiga. Mwaka jana. Nilimpigia yule bwana wa sinema nimwambie. Nilitumia simu ya mama yako kwa sababu namba iko mle. Akapokea tu, akasema, 'Mama Kesho!' Kabla sijafungua mdomo. Nikakata." Akaweka spana chini. "Nikasema wewe utaweza. Wewe umezoea kuwapa watu habari mbaya."

"Mimi siwapi habari, baba. Mimi napiga picha tu. Habari wanapewa na daktari."

Akacheka, kisha uso ukambadilika, na tukakaa pale ukingoni mwa karo la kufulia, mimi na yeye. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona baba yangu akilia na mimi nikalia pia, nakuandikia hivyo kwa sababu ulisema moyo wangu ulikuwa umefungwa.

Kuhusu meza nilisema naitaka, akasema ichukue, alidhani mimi ndiye nisiyetaka kuiona. Siku ya kuihamisha Bosi alikuja na gari lake la kazi, amenuna, akamkuta mkunga ameshakitoa kioo mezani na kukifunga ndani ya blanketi, na mama huyo alikaa nacho mapajani kiti cha nyuma njia nzima, hakutaka kilazwe. Tulipofika kwangu ndipo aliposema, kwa sauti ya chini kabisa, "Jamani, mimi nikitaka kitanda kipya, cha dukani, chenye nailoni yake bado, mtaniona sina adabu?" Aliyecheka wa kwanza ni Bosi. Mlango wa chumbani kwangu ni mwembamba, haikupita, kwa hiyo meza iko sebuleni.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda sinema, baba, mimi na Bosi, kwenda na kurudi. Mkunga alikataa kuja, alisema hiyo ni safari yetu. Mwenye duka alikuwa mlangoni. Baba alimshika mkono akasema, "Mke wangu alifariki," nami nikatambua kuwa tangu msiba nilikuwa sijamsikia akiyatamka maneno hayo kwa mtu yeyote. Tulikaa kwenye viti vya kuuzwa tukinywa soda, bwana yule akitusimulia mabishano yake na mama ambayo sisi hatukuyajua. Kisagio baba alikifungua droo, akanusa ndani, akasema kizuri, akakichukua. Hakusema atarudi kesho.

Safari yenyewe ya mwisho wa mwezi imehamishiwa mji mwingine kabisa, upande wa pili. Mkunga alitaka mahali pa kutembea kwa miguu na kula vizuri. Baba aliomba liwepo walau duka moja la vitu vya kale, kumbe miaka yote ile alikuwa akivipenda, na mkunga amekubali kwa sharti kwamba yeye atasubiri nje. Mimi siendi.

Simu ya kuulizia chumba nilimpa mkononi kama ulivyoagiza. Alikaa sebuleni kwangu, amevaa miwani, mgongo umenyooka kama yuko kwenye usaili, akapiga. Karani akapokea, msichana kwa sauti yake, na baba akajitambulisha kwa jina na kazi aliyostaafia, akaomba chumba cha watu wawili. Yule msichana akamwuliza swali ambalo sikulisikia vizuri. Baba akavuta pumzi.

"Binti," akasema, "mimi mke wangu alifariki, nilikaa naye miaka mingi na tulikuwa tukisafiri hivi hivi. Ninayekuja naye ni mchumba wangu. Ni mkunga. Tutafunga ndoa mwaka huu, na wanangu wanajua."

Nikasogea karibu, nikamsikia msichana akijibu, taratibu na kwa heshima, "Hongera, mzee, na pole. Nilikuwa nauliza tu mtafika saa ngapi."